Anna Freud, Mlezi wa Watoto wa Vita

Sisi wanajeshi na askari polisi twajua vema bomu linavyobomoa nyumba na kujeruhi mwili. Liko jeraha jingine lisilotoka damu, nalo ni la mtoto mdogo aliyetenganishwa na mama yake. Miongoni mwa waliolichunguza jeraha hilo kwa makini ni marehemu Anna Freud.

Anna alizaliwa mjini Vienna, Austria, tarehe 3 Desemba 1895, akiwa kitinda mimba wa watoto sita wa Sigmund Freud, daktari mashuhuri wa maradhi ya nafsi. Yeye hakusomea udaktari. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu wa watoto, na baadaye akafuata elimu ya baba yake na kuielekeza kwa watoto wenye matatizo ya nafsi.

Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Jamaa ya Freud ilikuwa ya Kiyahudi. Tarehe 22 mwezi huo Anna alichukuliwa na Gestapo, akahojiwa, akaachiliwa siku hiyo hiyo. Juni jamaa hiyo ilikimbilia London, ambako baba yake alifariki Septemba 1939, vita vikiwa vimeanza.

Mwaka 1941, London ikiwa inapigwa mabomu, Anna na mwenzake Dorothy Burlingham walifungua nyumba za kulelea watoto huko Hampstead, kwa msaada wa fedha kutoka Marekani. Waliopokewa ni watoto ambao vita vilikuwa vimevunja maisha ya nyumbani kwao.

Huko waliona jambo lililowashangaza wengi. Mtoto aliyekuwa kando ya mama mtulivu aliweza kustahimili kishindo cha mabomu. Aliyepelekwa mahali pa salama bila mama ndiye aliyeteseka zaidi: alirudia kujikojolea, na hata maneno aliyokwisha kuyajua yalimpotea.

Kwanza walezi wote waliwahudumia watoto wote kwa zamu. Anna alipoona hasara yake, aliwagawa katika jamaa ndogo ndogo, kila moja na mlezi wake mmoja. Wivu na vilio vilizuka, kisha watoto wakatulia, wakaanza kusitawi. Akina mama nao waliruhusiwa kuwatembelea watoto wao wakati wowote.

Mwaka 1945 waliletwa Uingereza yatima sita wa umri wa miaka mitatu hivi, waliookolewa kutoka kambi ya Theresienstadt. Wazazi wao walikuwa wameuawa. Watoto hao waliwachukia watu wazima, lakini wao kwa wao hawakukubali kutenganishwa hata kidogo. Anna aliandika habari zao mwaka 1951 pamoja na Sophie Dann, akionyesha kwamba mtoto asiye na mzazi aweza kumshika mwenzake kama nguzo.

Mwaka 1947 alianzisha mafunzo ya waganguzi wa watoto, na mwaka 1952 kliniki yao ikafunguliwa. Alifariki London tarehe 9 Oktoba 1982, akiwa na umri wa miaka 86.

Kwetu sisi maisha haya ni somo la kazi. Tunapohamisha raia kutoka eneo la mapigano, au tunapomkuta mtoto aliyepotea, tusidhani kwamba chakula na blanketi vyatosha. Ndugu wasitenganishwe, na mama atafutwe mapema. Naye askari anayeondoka kwenda kazini amuage mwanawe waziwazi, asitoroke akiwa amelala.