Kabla ya bando kulikuwa na Sahifa

Wewe unayesoma hii ndani ya matatu ya Kisauni, ama umebanwa kwenye feri ya Likoni na bando linakaribia kuisha, kuna mtu nataka umjue. Jina lake lazima umelisikia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, 1891 hadi 1947. Ukiuliza watu wa rika letu watakwambia alikuwa Kadhi Mkuu, ama ni babake Profesa Ali Mazrui, halafu mazungumzo yanaishia hapo. Mimi namtaka kwa jambo jingine kabisa. Mwaka wa 1930 alianza kufanya ile kazi ambayo leo mimi na wewe tunaifanya kwa kidole gumba, na nikwambie ukweli, alitushinda.

Hebu tuanze na mji wenyewe, manake kuna watu wanadhani teknolojia ilishuka Mombasa pamoja na simu za skrini. Mwaka wa 1890 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari ulifika hapa kutoka Unguja. Mwaka uliofuata Al-Amin akazaliwa. Alipokuwa na miaka mitano, 1896, Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka hapahapa, na 1901 ikafika Ziwa Victoria. Mwaka wa 1902 Jeevanjee akaanzisha gazeti mjini, African Standard, ambalo baadaye lilihamia Nairobi. Yaani mtoto huyu alikulia kwenye mji ambapo kila baada ya miaka michache kitu kipya kinatoka baharini na kubadilisha kila kitu, na wazee wanabaki barazani wakibishana kama ni neema ama ni balaa. Unaona tunavyofanana? Mwaka wa 2009 nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilipoingia nchi kavu Mombasa, ubishi ulikuwa uleule. Mpaka leo haujaisha.

Nyumbani kwao nako kulikuwa na mambo yake. Wamazrui walikuwa wameitawala Mombasa mpaka 1837, Seyyid Said alipowang'oa. Halafu 1895 Mbaruk bin Rashid Mazrui akaingia vitani na Waingereza, na mwaka uliofuata akashindwa. Kwa hiyo Al-Amin alizaliwa kwenye ukoo wenye jina kubwa ambao ufalme ulikuwa umeshawaponyoka. Babake, Sheikh Ali bin Abdalla, ambaye naye alikuwa mwanachuoni, alifariki mtoto akiwa mdogo sana. Akalelewa kielimu na mtu wa ukoo wao, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akavuka kwenda Unguja kusoma kwa wakubwa wa enzi hizo, Sayyid Ahmed bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir. Hapo sina mengi ya kukwambia. Alisoma, akasoma tena, akarudi.

Anapoanza kunivutia ni pale anapoanza kusoma vitu vya mbali. Kulikuwa na jarida likitoka Cairo, jina lake al-Manar, ambalo Rashid Rida alilianzisha 1898. Lilijadili swali moja lililowanyima watu usingizi: kwa nini Waislamu wamebaki nyuma na Wazungu wametangulia? Jarida likisafiri kwa meli, Sheikh analisoma huku Mombasa, majuma mengi baada ya kuchapishwa. Ni kama wewe unavyofuatilia chaneli ya mtu aliye Dubai ama Atlanta, tofauti ni kwamba video yako inafunguka papo hapo.

Wengi wetu tungeishia hapo. Tungesoma, tungetikisa kichwa, tungefowadi. Sheikh alisoma akaona kwamba mazungumzo haya hayana maana kama mvuvi, mwenye duka na mama aliye nyumbani hawawezi kuyaingia. Magazeti yaliyokuwapo mjini yalikuwa ya Kiingereza. Kiarabu cha al-Manar kilikuwa cha wanazuoni. Basi 1930 akaanzisha karatasi yake ndogo ya kila wiki, akaiita Sahifa. Neno lenyewe maana yake ni ukurasa, hakuna mbwembwe. Aliiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu.

Simama kidogo hapo kwenye herufi. Kwa hesabu ya serikali ya mkoloni, mtu asiyejua herufi za Kirumi alikuwa hajui kusoma. Lakini watoto wa mji huu walikuwa wamepita chuoni, wakafundishwa alifu na be kabla ya jambo lingine lolote. Kwa hiyo kulikuwa na umati mzima wa wasomaji ambao hakuna gazeti lililokuwa likiwahesabu. Sheikh aliwafuata kwa herufi walizokuwa nazo tayari. Leo watu wanaotengeneza programu wanalipwa pesa nyingi kugundua jambo kama hilo, kwamba usimlazimishe mtumiaji aje kwako, nenda ulipo mkono wake.

Na ndani ya Sahifa alikuwa haogopi mtu. Alisema watu wanauza mashamba na mali halafu pesa inaishia kwenye harusi ya siku chache. Alisema elimu ya dini peke yake haitatosha, watoto wasome na elimu ya dunia, na wasichana wasiachwe nje. Aliwasema watu wake kwa uvivu, kwa kukosa umoja, kwa kulalamika bila kutenda. Kumbuka wakati wenyewe. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria hapa Pwani 1907, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi, mambo ya kuandikisha shamba kwa karatasi. Wenye kujua karatasi walipata, wasiojua walipoteza. Wewe wa Likoni ama Kisauni unayeishi kwenye kiwanja ambacho hujui lini utaambiwa uhame, hiyo habari ya 1908 haijawa ya kale kwako. Sheikh alikuwa anaona watu wake wanapitwa na chombo kipya, na chombo chenyewe kilikuwa ni maandishi.

Halafu kuna ile hoja yake ya kuiga, na hiyo ndiyo iliyonifanya nimwandike. Vijana wa mjini wakati ule walikuwa wameanza kuvaa Kizungu, kunywa Kizungu, kucheza Kizungu. Ungetarajia sheikh aseme vya Wazungu vyote ni haramu, tufunge mlango. Hakusema hivyo. Shida yake ilikuwa kwamba tumechagua kuiga kitu kisicho na faida. Kwa maelezo yake Mzungu hakupata nguvu kwa sababu ya kofia na suruali. Alipata nguvu kwa kusoma, kufanya kazi, kupanga mambo na kushikamana, na hivyo ndivyo vitu sisi tunaviacha pale pale tulipovikuta. Tunachukua ganda.

Sasa ingia na hoja hiyo kwenye maskani yoyote ya Changamwe jioni. Kuna upande unaosema TikTok imetuharibu, simu zichomwe. Kuna upande unaosema akili mnemba ndiyo mkombozi, jiunge na kozi fulani upate dola. Mzee huyu angewaudhi wote wawili. Wa kwanza angewauliza kama waliwahi kuandika chochote kwa hiyo simu kabla ya kuichoma. Wa pili angewauliza dola ni za kazi gani. Najua majamaa wa huku bara waliokesha miaka kadhaa wakiwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani, kwa Kiingereza safi, mpaka watu wakapata shahada kwa jasho lao. Halafu mashine zikajifunza kuandika insha na kazi ikakauka. Wallahi hao ni watu wenye akili nyingi, wamezalisha maneno kuliko gazeti. Hakuna hata aya moja yenye majina yao, na hakuna hata moja inayozungumzia mtaa wao.

Usidhani ninamchora malaika. Ukimsoma kwa makini utaona ile sisi yake ilikuwa na mipaka. Alikuwa anazungumza na Waislamu wa mji, watu wa Pwani kama alivyowaelewa yeye, mwenye jina kubwa na nasaba ndefu. Ng'ambo ya mkondo, hapa Kisauni, kulikuwa na Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishonari miaka ya 1870 kwa watu waliookolewa kwenye utumwa. Kengele yao ndiyo iliyoipa stendi ya Kengeleni jina. Daraja la Nyali la kuelea lilifunguliwa 1931, wakati Sahifa ikiwa bado changa, lakini sidhani maandishi yake yalivuka daraja hilo sana kwenda kwa wajukuu wa watu wale. Hilo nalisema mimi wa bara, na simuonei. Kila anayeandika ana watu anaowaona akifumba macho. Hata wewe unapoposti.

Sahifa haikudumu. Mwaka wa 1932 akaja na gazeti kubwa zaidi, Al-Islah, maana yake kutengeneza mambo, la Kiswahili na Kiarabu. Nalo halikuishi sana. Mwaka huohuo akawa Kadhi wa Mombasa, na 1937 akarithi kiti cha mwalimu wake, Kadhi Mkuu wa Kenya, akakikalia mpaka alipofariki. Hapa kuna anayeweza kusema mkosoaji amenunuliwa, amepewa ofisi akanyamaza. Kwa siku hizi tungemwekea komenti za nyoka mia tatu. Mimi sioni hivyo, kwa sababu mbili. Moja, aliendelea kufundisha, na wanafunzi wake wakaja kuwa moto. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu baadaye na yeye pia akaandika kwa Kiswahili kama mwalimu wake. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qurani iko kwenye nyumba ngapi sijui, alimhesabu kati ya waliomfungulia njia.

Sababu ya pili ni 1944. Akiwa ndani ya ofisi hiyohiyo ya ukadhi, zile makala za Sahifa zilichaguliwa zikakusanywa kuwa kitabu kidogo kwa jina la Uwongozi. Maneno yaleyale ya kuwasema watu, yakatolewa tena, na jina lake juu. Anayetaka kuzika maneno yake hafanyi hivyo. Na hilo ndilo lililoyaokoa. Karatasi ya wiki ni kama stori ya WhatsApp: inasomwa, inafungiwa karanga, inaisha. Kitabu kilibaki makabatini, na 2017 kikatolewa upya na wasomi, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ndiyo maana mimi nimeweza kukusimulia. Wewe ulichoandika 2019 kwenye ile akaunti uliyosahau nywila yake kiko wapi?

Mwanawe Ali alikuwa na miaka kumi na minne tu baba alipofariki 1947. Mpango wa mzee ulikuwa kumpeleka Misri akasome al-Azhar, na mpango huo ukafa naye. Kijana akafanya mtihani wa sekondari, matokeo yakawa ya daraja la tatu, akaajiriwa karani kwenye taasisi ya ufundi ya Waislamu ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Aliyeachia masomo njiani ataelewa kwa nini napapenda hapo. Baadaye akatoka, akasoma, na 1986 akasimama mbele ya kamera kuisimulia Afrika kwa dunia nzima kwenye televisheni. Babake alikuwa na karatasi ndogo, mwana akapata runinga. Amezikwa hapa Mombasa, 2014.

Kimebaki kitu kimoja. Mwaka wa 1928 mkutano ulifanyika hapahapa Mombasa, na waliokutana wakakubaliana kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Kimvita kikaachwa nje, mjini kwake mwenyewe. Mwaka wa 1930 serikali za kikoloni zikaunda kamati ya kukisimamia, mwaka uleule wa Sahifa. Sheikh hakufurahishwa na Wazungu kukiamulia Kiswahili bila wenyewe, na alilisema hilo. Mashine za leo nazo zimefundishwa kwa maandishi yaliyojaa mtandaoni, na mengi yake ni sanifu. Mwite mtu kwa Kimvita, mwandikie ndoo hapa, halafu ipe mashine ikutafsirie uone kama hutaletewa ndoo ya maji. Mato, nti, nde, yote inayaona ni makosa ya vidole. Haijayaona vya kutosha, kwa sababu sisi tunaoyasema kutwa nzima tukishika simu tunaandika Kiingereza kibovu ama sanifu ya shuleni.

Hata jina la kitabu. Uwongozi, kwa w, kama linavyotamkwa hapa. Nimeliandika mara mbili kwenye makala haya na mara mbili simu yangu imeitoa ile w bila kuniuliza. Nimeirudisha.