Mwalimu Nyerere, mgeni wa Kariakoo



Siku hizi nasikia hata Wakatoliki wenzetu wakiwaita wakimbizi mzigo. Basi leo nawaletea Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyebatizwa mwaka 1943.

Mwaka 1955 aliacha ualimu Pugu ili aitumikie TANU, na mshahara ukaishia hapo. Nani alimpokea? Waislamu wa Kariakoo! Abdulwahid Sykes, aliyekuwa mkuu wa soko, alimkaribisha nyumbani kwake. (Jambo hili sisi Wakatoliki hatulisemi vya kutosha.)

Alipokuwa Rais, waliokimbia vita na mauaji Msumbiji, Rwanda na Burundi hawakupewa hema tu. Walipewa ardhi walime wenyewe, kama kule Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Mwaka 1980 maelfu ya Wanyarwanda wakafunguliwa mlango wa uraia, na mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa Nishani ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi.

Mimi naona nusu ya nishani ile ni ya wanavijiji wa kando ya Mto Ruvuma, waliowapokea Wamakonde wenzao kutoka ng'ambo wakala nao chakula kilichokuwepo, kabla misaada haijafika.