A. S. Hornby na kinachofuata baada ya neno

Wengi wetu tulilisoma jina lake kabla ya kujua kwamba ni la mtu. Limo kwenye jalada la kamusi ya Oxford ya wanaojifunza Kiingereza, ile nene ambayo kurasa zake za kwanza huwa zimekwisha kung'oka, na ambayo siku ya kuandika insha hupita dawati hadi dawati. Albert Sydney Hornby alizaliwa Chester, Uingereza, tarehe 10 Agosti 1898, akafariki Septemba 1978. Alikuwa mwalimu kwanza, mtunga kamusi baadaye, na mpangilio huo ndio unaoeleza karibu kila alichokifanya.

Alisoma Kiingereza katika University College ya London na kupata shahada mwaka 1922. Miaka miwili baadaye alipanda meli kwenda Japani, kufundisha katika chuo cha biashara cha Oita, kwenye kisiwa cha Kyushu. Alikuwa amechukuliwa ili afundishe fasihi. Haikumchukua muda kuona kwamba vijana wale walihitaji lugha yenyewe kwanza, na fasihi ingeweza kungoja. Walikuwa na maneno lakini hawakujua maneno hayo yanakwenda na nini. Msomaji wa Kisangani hahitaji kuelezewa zaidi. Oita ilikuwa mbali na London kama sisi tulivyo mbali nayo: nje ya darasa hakuna sikio la kukusahihisha, sokoni hakuna mtu wa kukuambia kwamba sentensi yako haisemwi hivyo. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha husahihishwa na mama, na kaka, na jirani. Wa mbali ana kitabu tu, na kitabu kikinyamaza, basi.

Huko Tokyo alikuwapo Mwingereza mwingine, Harold Palmer, aliyeanzisha taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza mwaka 1923. Palmer naye ana uhusiano wa mbali na historia yetu: alijifunza kazi Ubelgiji, katika mji wa Verviers, akifundisha Kiingereza kwa watu wenye Kifaransa, mpaka Vita vya Kwanza vilipomfukuza huko. Shida za mtu mwenye Kifaransa anayejifunza Kiingereza alizijua kabla hajaiona Japani. Hornby alijiunga na utafiti wake mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Palmer aliporudi Uingereza mwaka 1936, yeye ndiye aliyeuendeleza. Pamoja na walimu wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, akaanza kutunga kamusi ya aina mpya.

Upya wake ulikuwa nini? Kamusi za zamani zilikuambia neno lina maana gani, na pengine limetoka Kilatini au Kigiriki. Hornby aliacha asili ya maneno, akaweka mahali pake jambo linalomfaa mwanafunzi anayetaka kuandika: neno hili linafuatwa na nini. Vitenzi alivigawa katika ruwaza 25, kila moja na namba yake. Nomino nazo alizitia alama, zipi zinahesabika na zipi hazihesabiki. Leo tunaziona alama hizo tukidhani zimekuwapo tangu mwanzo wa dunia.

Baadaye, mwaka 1954, alitoa kitabu kizima juu ya ruwaza na matumizi ya Kiingereza, na humo hakuishia kwenye vitenzi. Aliingia pia kwenye nomino na vivumishi. Miongoni mwa ruwaza za nomino ipo ile inayotusumbua sisi kila muhula: nomino inayofuatwa na kishazi kinachoanza na that. Hapa naomba ruhusa ya kukaa kidogo, maana ndipo ninapomdai Hornby shukrani.

Chukua neno news. Unaweza kuandika the news that he brought, na unaweza kuandika the news that he had died. Kwa macho, ni umbo moja. Lakini katika la kwanza that ni kirejeshi: habari ndiyo iliyoletwa. Katika la pili that inafungua mlango wa habari yenyewe: kifo chake ndicho habari. Mwenye Kifaransa hapati msaada hapa, kwa sababu que yake nayo hufanya kazi zote mbili. Mwenye Kiswahili hana taabu. Habari aliyoileta ni kitu kimoja, habari kwamba amekufa ni kingine, na hakuna mtoto anayezichanganya. Kiswahili chetu cha mtaani, ambacho husema kama mahali pa kwamba, kinatenganisha vilevile. Lingala nayo ina ete kwa kazi ya pili, na haiitumii kwa ya kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi anayevuka soko la Makiso akitoka Kiswahili kuingia Lingala tayari amebeba mfukoni tofauti ambayo sarufi ya Kiingereza humfundisha kupitia Kifaransa, kwa njia ndefu, tena kwa taabu. Sijaelewa kwa nini tunaanzia huko.

Lakini kuitambua that si kazi yote. Kuna swali la nomino zipi zinaikubali. Hope inaikubali, belief inaikubali, idea na fact vilevile. Ability haiitaki: inataka to na kitenzi. Habit inataka of. Kuna kipimo chepesi: weka is katikati. The hope is that, inasimama. The ability is that, inaanguka. Nasi tunalo jambo hilohilo nyumbani: tunasema tumaini kwamba na wazo kwamba, lakini ni uwezo wa kusoma, tabia ya kuchelewa, wala hakuna anayesema uwezo kwamba. Panapoteleza ni pale Kifaransa kinapoingia katikati. Kwa sababu Kifaransa kina possibilité de na kitenzi, tunaandika possibility to, na mwalimu anapiga mstari mwekundu. Kiingereza kinataka possibility of, au possibility that. Kosa hilo mimi nimeliandika katika insha zaidi ya moja, na kila mara nililijua neno. Nisichojua ni jirani yake.

Jambo jingine ni fact. Katika maongezi ya kila siku, Waingereza hulitumia kama daraja: vihusishi vyao havipendi kubeba kishazi cha that moja kwa moja, basi huwekwa the fact katikati, na sentensi inapita. Ndiyo maana linasikika mara nyingi hata pale ambapo hakuna ukweli wowote unaothibitishwa. Watangazaji wetu nao siku hizi husema kutokana na ukweli kwamba, pale ambapo kwa kuwa ingetosha. Hilo ni daraja lililojengwa pasipo na mto.

Turudi Japani. Kamusi ilikamilika mwaka 1940. Desemba 1941 Japani iliingia vitani dhidi ya Uingereza na Marekani, na Hornby, kama Waingereza wengine waliokuwa huko, aliwekwa kizuizini. Mwaka 1942 aliachiliwa katika mabadilishano ya raia akarudi kwao. Mwaka huohuo, katika Tokyo ya vita, mchapishaji Kaitakusha alitoa kamusi yake kwa jina la Idiomatic and Syntactic English Dictionary. Hebu fikiria: kitabu cha lugha ya adui, kilichotungwa na raia wa adui, kinachapishwa katika mji mkuu wa nchi inayopigana na watu wa lugha hiyo. Hornby alikuwa ameondoka Japani baada ya miaka kama 18. Ujana wake wote wa kufundisha aliumalizia kule.

Hakupumzika. British Council ilimtuma Iran, akafundisha Tehran na kusaidia kuandaa walimu hadi vita vilipokwisha. Mwaka 1946 akawa mhariri wa kwanza wa jarida la English Language Teaching, lililokusudiwa walimu waliotawanyika nchi za mbali. Mwaka 1948 Oxford wakaitoa ile kamusi ya Tokyo kwa kuzipiga picha kurasa zake kama zilivyokuwa, wakabadili jina tu. Hivyo kitabu kilichotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa Japani kikasambaa duniani kote bila kupangwa upya hata herufi moja, na Mjapani, Mwajemi na Mkongo wakakuta kinawajibu swali lilelile.

Si kwamba kazi yake haina kasoro. Zile namba za ruwaza wanafunzi wengi hawakuzisoma kamwe. Ilibidi urudi kwenye utangulizi kila mara kutafuta namba fulani ina maana gani, na nani ana subira hiyo umeme ukiwa umekatika na insha inadaiwa kesho? Wahariri waliomfuata waliziacha, wakaandika ruwaza yenyewe wazi kando ya neno. Hornby mwenyewe aliishi kuona toleo la pili la kamusi, mwaka 1963, na la tatu, mwaka 1974. Kile kitabu cha ruwaza alikipitia tena na kukitoa upya mwaka 1975, akiwa na miaka zaidi ya 75. Mzee wa umri huo angeweza kuliacha jambo kama that baada ya nomino likae lilivyokaa.

Kamusi ilimpatia fedha nyingi kuliko mwalimu yeyote anavyotazamia. Mwaka 1961 alianzisha mfuko wenye jina lake, akauwekea sehemu kubwa ya mapato ya vitabu vyake, ili walimu wa Kiingereza kutoka nchi nyingine wapate kwenda kusoma Uingereza. Aliwachagua walimu, hasa wa mahali pasipo na sikio la kusahihisha, kama Oita alikoanzia. Mfuko huo bado unatoa ufadhili, miaka mingi baada ya kifo chake.