Natalie Kalmus: Mama Aliyeshikilia Rangi za Hollywood Miaka 15, Hadi Siri ya Talaka Ikamwagika

Wasee wa kushoot video hii mnaijua. Umekesha na klipu ya harusi, ukaipa ile look ya ngozi ya machungwa na vivuli vya bluu-kijani, na kwa laptop yako inakaa fiti kabisa. Asubuhi mteja anaifungua kwa simu yake, bibi harusi anakaa ni kama ana homa ya manjano. Macho yako hayana shida. Skrini yako haijasawazishwa, so nyeupe yako si nyeupe ya mwenzako.

Sasa imagine miaka 90 iliyopita. Hakuna monita ya kusawazisha, hakuna kurudi kwa kompyuta kubadilisha rangi kila ukipenda. Rangi ilikuwa inaamuliwa kabla kamera haijawashwa, na kipimo kilikuwa macho ya mtu. Pale Hollywood, mtu huyo alikuwa Natalie Kalmus.

Ukipata filamu ya zamani yenye rangi kali, angalia majina ya mwanzo. Kuanzia 1934 hadi 1949, karibu kila filamu ndefu ya Technicolor ina jina lake kama mkuu wa rangi. The Adventures of Robin Hood ya 1938, yuko. The Wizard of Oz na Gone with the Wind, zote za 1939, yuko. Black Narcissus ya Waingereza, 1947, bado yuko.

Aliipataje hiyo kazi? Hapa ndipo stori inaanza kunoga.

Natalie alikuwa amesomea sanaa. Mwaka wa 1902 aliolewa na Herbert Kalmus, msomi wa sayansi kutoka MIT. Mwaka wa 1915 Herbert na wenzake wawili, Daniel Comstock na Burton Wescott, wakaanzisha kampuni ya Technicolor. Hiyo Tech kwa jina ni salamu kwa chuo chao. Filamu yao ya kwanza, The Gulf Between ya 1917, ilitumia rangi mbili tu, nyekundu na kijani, na picha hizo mbili zilikuwa zikilinganishwa na fundi wa projekta papo hapo watu wakiwa wamekaa. Akikosea kidogo tu, kila mtu kwa skrini ana kivuli cha rangi. Hiyo njia haikuenda mbali.

1922 ndoa ikaisha. Talaka ya korti, ya ukweli. Lakini hawakutangaza. Waliendelea kuishi nyumba moja kwa zaidi ya miaka 20, wakijulikana mjini kama Bwana na Bibi Kalmus, na Natalie akabaki ndani ya kampuni. Watu wa Hollywood walijua wanaongea na mke wa bosi. Kumbe wanaongea na ex.

Halafu 1932 Technicolor wakatoa kamera ya mikanda mitatu, na hapo ndipo mama akawa mtu mkubwa. Mwanga ukiingia kwa lenzi unagonga prizimu. Kijani kinaenda moja kwa moja kwa mkanda wake, na mwanga mwingine unapigwa pembeni kwa mikanda miwili iliyobanana, mmoja wa kushika bluu na mwingine wa nyekundu. Yote mitatu ni nyeusi na nyeupe. Rangi zenyewe zinaingia maabara, zinachapwa juu ya filamu moja baada ya nyingine, ni kama vile leso inavyochapwa. Ilitaka mwanga mwingi balaa. Kwa seti ya The Wizard of Oz joto lilipita digrii 38, na kuna jamaa wamevaa manyoya ya simba hapo.

Hiyo kamera hukuweza kununua, hata uwe na doo aje. Ulikuwa unakodisha, na inakuja na fundi wake, maabara ni ya Technicolor, na mshauri wa rangi pia ni wao. Mshauri huyo ni Natalie. Hutaki? Basi shoot nyeusi na nyeupe.

Kazi yake ilianza kwa script. Alikuwa anaisoma yote, kisha anatengeneza chati ya rangi, eneo kwa eneo: huyu amevaa nini, ukuta nyuma yake ni rangi gani, huzuni inaingia wapi. Mwaka wa 1935 aliandika makala kueleza imani yake. Aliona rangi ina hisia kama muziki, na ukimwagia mtazamaji rangi kali mfululizo macho yatachoka. Kwa hivyo alipenda rangi tulivu zibebe filamu, halafu rangi kali inyanyuke pale inapohitajika. Ngozi ya mwigizaji ni ya joto, so nyuma yake weka rangi baridi ndio aonekane. Hebu fikiria: ile machungwa na bluu-kijani unayoweka leo kwa kubonyeza kitufe ina mantiki hiyo hiyo.

Na nyeupe ilikuwa vita hata hapo. Shati jeupe kabisa lilikuwa linamulika hadi linaharibu picha, kwa hivyo mashati yalichovywa rangi kidogo, yakawa kijivu au krimu, ndio kwa skrini yatoke meupe. Blauzi ya Dorothy kwa The Wizard of Oz ilikuwa na waridi hafifu. Wakishoot, walikuwa pia wanaweka kadi nyeupe mbele ya kamera ndio maabara ijue nyeupe ya siku hiyo ni ipi. Kama hujawahi kushika kadi kama hiyo kwa shoot yako, ndio maana mteja analia.

Bifu hazikukosa. David Selznick, mwenye Gone with the Wind, alilalamika kwa maandishi kwamba wataalamu wa Technicolor wanambania wabunifu wake. Vincente Minnelli naye alikorofishana na Natalie wakitengeneza Meet Me in St. Louis ya 1944. Wengi walimwona mtu wa kukataa tu. Na si siri kwamba filamu zilikuwa nyingi kuliko mtu mmoja angeweza kusimamia, so kazi ya kila siku mara nyingi ilifanywa na wasaidizi kama Henri Jaffa.

Mimi naona walimwonea kiasi. Rangi ilikuwa mpya, na kila dairekta alitaka kutumia zote siku moja. Mtu lazima angesema hapana, na aliyesema alikuwa mwanamke kwa seti iliyojaa wanaume. Lakini pia ukweli ni kwamba kiti chake kilisimama juu ya ndoa isiyokuwepo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 hiyo siri ikamwagika. Natalie alimpeleka Herbert kortini akidai matunzo na sehemu ya mali. Korti ikaangalia karatasi za 1922: talaka ilikuwa talaka. Hakupata kitu. Herbert akaoa mwingine 1949, na kufikia hapo Natalie alikuwa nje ya Technicolor. Mwaka uliofuata ikatoka King Solomon's Mines, iliyoshutiwa kwa Technicolor huku kwetu Kenya na nchi jirani. Ikashinda Oscar ya upigaji picha wa rangi. Jina la mama halimo.

Mwaka huo wa 1950 alikuwa amekodisha jina lake kwa biashara nyingine: makabati maridadi ya televisheni, yenye chapa ya Natalie Kalmus. Televisheni za rangi hazikuwa zimefika madukani bado. Ulikuwa ukifungua hilo kabati lenye jina lake, picha ndani ni nyeusi na nyeupe.

Alifariki Boston mwaka wa 1965, miaka miwili baada ya Herbert.