Habari za Eric Liddell, Mshindi wa Mbio

Eric Liddell alizaliwa mwaka 1902 katika mji wa Tientsin, nchi ya China, wazazi wake wakiwa wamisionari kutoka Scotland. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Edinburgh alisifiwa sana kwa mbio zake. Mwezi wa Julai 1923, katika mashindano makuu ya riadha ya Uingereza huko Stamford Bridge, London, alishinda yadi 220, na yadi 100 pia kwa sekunde 9.7, ikawa rekodi mpya ya nchi.

Basi watu wakatazamia kwamba atashinda mita 100 katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, 1924. Lakini mbio za kuchuja ziliwekwa siku ya Jumapili, naye aliishika siku hiyo kuwa ya Bwana. Akakataa kukimbia, ijapokuwa alilaumiwa. Mita 100 alishinda Harold Abrahams. Liddell akakimbia mita 400, akazishinda kwa sekunde 47.6.

Mwaka 1925 aliziacha sifa hizo, akarudi China kufundisha na kuhubiri. Mwaka 1941, hatari ilipozidi, aliwapeleka Canada mkewe, aliyekuwa mja mzito, na binti zao wawili. Mwenyewe akabaki na kazi yake. Mwaka 1943 Wajapani walimtia katika kambi ya Weihsien, naye akawafundisha watoto wa kambini na kuwaamulia michezo. Huko alifariki kwa uvimbe wa ubongo tarehe 21 Februari 1945, miezi sita kabla ya kambi kufunguliwa. Binti yake wa tatu hakupata kumwona.