Delamere na funzo la kipimo

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru hukutana na jina la Delamere mara mbili. Mara ya kwanza ni Naivasha, ambapo magari husimama ili abiria wanunue maziwa na mtindi. Mara ya pili ni kandokando ya Ziwa Elmenteita, ambapo malisho ya Soysambu yameenea hadi macho yanapochoka kuangalia. Kwa Wakenya wengi jina hilo ni jina la mlowezi aliyejitwalia ardhi, na hukumu hiyo haikosi msingi. Hata hivyo, wahenga walisema Mgala muue na haki yake mpe. Katika makala haya nataka kuyatazama maisha ya mtu huyo kwa upande ambao hatuuzungumzii sana, nao ni upande wa viwango vya bidhaa. Naamini upande huo una funzo linalotuhusu hadi leo.

Hugh Cholmondeley alizaliwa Uingereza mwaka 1870, katika ukoo wa mabwanyenye wa Cheshire. Babake alipofariki mwaka 1887, yeye akiwa kijana wa miaka 17, alirithi cheo na kuwa Lodi Delamere wa tatu. Hakupenda masomo, alipenda uwindaji. Safari zake za kuwinda katika nchi ya Wasomali zilianza mwaka 1891, na huko ndiko simba alikomjeruhi mguu mwaka 1894. Msaidizi wake Msomali alimwokoa, lakini Delamere alichechemea kwa maisha yake yote. Mwaka 1897 msafara wake wa ngamia ulitokea kaskazini na kufika nyanda za juu za Kenya. Aliipenda nchi hiyo, na miaka michache baadaye alirudi kuishi.

Serikali ya kikoloni ilimpa ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Shamba hilo lilikuwa karibu na reli iliyofika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka 1901. Inafaa kukumbuka kwamba reli hiyo ilikuwa na upana wa mita moja, na kwamba Wajerumani walichagua upana huo huo kwa reli zao za Tanganyika. Kwa sababu hiyo, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, njia za nchi hizo mbili ziliweza kuunganishwa na mabehewa yakapita bila kupakuliwa mizigo. Anayedhani kwamba kipimo ni jambo dogo na atazame hali ya sasa karibu na Naivasha. Reli mpya iliyofika huko mwaka 2019 ina upana mwingine, na shehena iendayo Uganda hulazimika kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine.

Njoro ilimpokea Delamere kwa hasara. Kondoo wa merino aliowaleta kutoka ng'ambo walikufa kwa wingi. Ng'ombe wake walidhoofika ingawa majani yalikuwa tele. Wamaasai walikuwa wakiyaepuka malisho hayo tangu zamani. Wataalamu walikuja kugundua baadaye kwamba udongo wa sehemu hizo una upungufu wa madini, na maradhi ya mifugo yatokanayo na upungufu huo yakapewa jina la Nakuru. Ndigana na homa ya mapafu zikamaliza wengi wa waliosalia. Alipogeukia ngano, kutu ya ngano ikaangamiza mashamba. Badala ya kukata tamaa, aliajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu hadi zikapatikana aina zilizostahimili zaidi. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya Unga, ambayo jina lake bado lipo jikoni mwetu.

Vita dhidi ya kutu havikuisha. Mwaka 1998 aina kali ya kutu iligunduliwa nchini Uganda, na tangu mwaka 2005 mbegu za ngano kutoka nchi nyingi za dunia zimekuwa zikiletwa papo hapo Njoro ili zijaribiwe. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu wanasayansi wa nchi hizo wanatumia kipimo kimoja cha kukadiria jinsi shina lilivyoshambuliwa. Asemacho mtafiti wa Njoro, mwenzake wa India au Meksiko anakielewa bila mkalimani.

Katika maziwa ndiko Delamere alikoelewa zaidi nguvu ya kipimo cha pamoja. Shughuli zake alizihamishia Soysambu, ambako mifugo ilistawi, na mwaka 1925 aliongoza walowezi wenzake kuanzisha chama cha ushirika cha KCC huko Naivasha. Tatizo lao lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitatua. Siagi ya wakulima wengi ikichanganywa pamoja, nani alipwe nini? Mmoja ameleta maziwa mazito na mwingine ameongeza maji. Wakilipwa sawa, mwaminifu ataona uaminifu ni upumbavu. Jawabu lilikuwa limepatikana Marekani mwaka 1890, Stephen Babcock alipoeleza njia nyepesi ya kupima mafuta yaliyomo katika maziwa. Kwa kipimo kama hicho muuzaji na mnunuzi hawahitaji kujuana wala kuaminiana. Wote wawili wanakiamini kipimo. Hivyo ndivyo siagi ya Bonde la Ufa ilivyoweza kuuzwa mbali, kwa watu ambao hawangeiona Naivasha maishani mwao.

Huo ndio upande wa kumpa haki yake. Upande wa pili nao lazima usemwe. Ardhi iliyogawiwa walowezi kati ya Naivasha na Nakuru ilikuwa ya Wamaasai, ambao waliondolewa kwa mkataba wa mwaka 1904. Waliopelekwa Laikipia walihamishwa tena baada ya mkataba wa mwaka 1911. Delamere, aliyejifunza lugha yao kidogo na kupenda mazungumzo na wachungaji wao, alikuwa mmoja wa walionufaika zaidi. Katika Baraza la Kutunga Sheria, ambamo aliingia lilipoanzishwa mwaka 1907, alipigania nchi itawaliwe na walowezi. Viwango navyo vikageuzwa ua. Karantini ya mifugo, ambayo kwa kweli huzuia maradhi, ilitumika pia kumzuia Mwafrika kuuza ng'ombe wake. Kilimo cha kahawa alinyimwa kwa hoja ya ubora hadi miaka ya 1930. Milango ya KCC haikuanza kumfungukia hadi miaka ya 1950. Kipimo kilikuwa cha kweli, lakini walioketi kukiweka na walioruhusiwa kukitumia walikuwa watu wa upande mmoja.

Delamere alifariki Novemba 1931, akiwa na umri wa miaka 61, na kuzikwa Soysambu. Aliacha madeni makubwa. Sanamu yake iliyosimama jijini Nairobi iliondolewa baada ya uhuru na kupelekwa Soysambu, na barabara iliyoitwa kwa jina lake sasa inaitwa Kenyatta.

Mimi ni mwanaisimu, na huenda msomaji akajiuliza nimeingiaje katika mambo ya maziwa. Mwaka mmoja kabla ya kifo cha Delamere, yaani mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili. Lahaja ya Unguja ilikuwa imechaguliwa kuwa msingi katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kwa miaka mingi ya mwanzo Waafrika hawakuwemo katika kamati hiyo, na Wamvita walinung'unika kwamba lahaja yao yenye hazina kubwa ya ushairi imeachwa. Hata hivyo, Kiswahili sanifu kilitufaa, kwa kuwa tulijifunza kukisoma, tukakiandika, na hatimaye tukakitawala wenyewe. Kiwango cha bidhaa nacho ni lugha ya aina fulani. Asiyekisoma hana namna ya kujitetea kwacho.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama asubuhi katika kituo kimoja cha kukusanyia maziwa, si mbali na Njoro. Mama mmoja alikuwa amefika na mtungi wa maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Mpokeaji alitumbukiza kipimo, akakisoma, akatamka kwamba maziwa yametiwa maji. Mama aliapa kwa jina la watoto wake, lakini wapi. Alirudi nyumbani na mtungi wake na aibu yake. Nilipokuja kusoma juu ya chombo hicho nilitambua kwamba huenda alionewa. Kipimo hicho kimetengenezwa kwa maziwa ya nyuzijoto 20. Maziwa yakiwa bado na joto la kiwele huonekana mepesi kuliko yalivyo, na kanuni hutaka hesabu isahihishwe au maziwa yapoe kwanza. Kanuni ya kumlinda mama yule ilikuwepo. Iliandikwa kwa Kiingereza, katika kitabu ambacho hajawahi kukiona.

Wenzetu wa Ulaya walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1979 mahakama yao kuu iliamua kwamba kinywaji kilichotengenezwa Ufaransa kwa mujibu wa sheria hakiwezi kuzuiwa Ujerumani kwa sababu tu kina kileo kidogo. Tangu mwaka 1985 sheria zao za pamoja hutaja mahitaji ya msingi, kama vile usalama na afya, na maelezo ya kiufundi huachiwa vyombo vya viwango. Anayefuata viwango hivyo huhesabiwa kuwa ametimiza sheria, na bidhaa yake huvuka mipaka bila kupimwa upya kila nchi. Sheria zenyewe huchapishwa katika lugha 24, hata zile za mataifa madogo. Ukali wa viwango vyao wakulima wa maua wa Naivasha wanaujua vyema.

Sisi nasi tumeanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya viwango ya mwaka 2006, na nchi wanachama zina kiwango kimoja cha mahindi, kinachotaka unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu isizidi sehemu 10 katika bilioni. Kiwango hicho si anasa, kwa maana mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 katika sehemu za Ukambani na jirani zake. Lakini Machi 2021 Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda, kisha ikalegeza kwa masharti baada ya siku chache, malori yalikuwa yamekwama mpakani. Mfanyabiashara mdogo wa Namanga au Busia hakuwa na pa kusoma, kwa lugha aijuayo, ni nini hasa alichokosea.

Pendekezo langu ni jepesi. Kila kiwango kinachomgusa mkulima na mchuuzi, kuanzia maziwa, mahindi na maharagwe, kiandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa ukutani katika kila kituo cha kupokelea mazao na kila kituo cha mpakani. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 umekwisha kukitambua Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wetu. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa lina wataalamu wa vipimo, na vyuo vikuu vyetu vina wataalamu wa istilahi. Kinachokosekana ni kuwaketisha meza moja. Wakulima nao wawe na viti katika meza hiyo.

Delamere alijua kwamba kipimo cha pamoja hujenga soko, na akakiweka mikononi mwa watu wake. Walowezi wameondoka katika viti hivyo, lakini mama wa Njoro bado yuko nje ya mlango. Akiweza kumwambia mpokeaji, kwa heshima na kwa uhakika, angoje maziwa yapoe ndipo apime, hapo tutakuwa tumekirithi kweli.