Mwalimu Nyerere, Mitaji ya Kigeni na Ujenzi wa Dodoma

Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, mkoani Mara, tarehe 13 Aprili, 1922. Alisoma Makerere na Edinburgh, kisha akaiongoza TANU tangu ilipoasisiwa mwaka 1954 hadi Uhuru ulipopatikana mwaka 1961.

Alirithi nchi yenye viwanda vichache na kumbukumbu chungu ya Kongwa, mkoani Dodoma. Huko Serikali ya Uingereza ilipoteza takribani pauni milioni 36 kati ya mwaka 1947 na 1951 katika mradi wa karanga uliopangwa London bila kuzingatia mvua haba na udongo mgumu wa nyanda za kati.

Hata hivyo, Mwalimu hakuanza kwa kuufunga mlango. Mwaka 1963 ilitungwa sheria ya kulinda vitega uchumi vya kigeni. Lakini siasa za dunia ziliingilia kati. Mwaka 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Mwalimu aliona kuwa anayetegemea fedha za wengine huweza kupoteza pia uhuru wa kuamua.

Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari, 1967 liliweka msingi wa kujitegemea. Siku iliyofuata benki zilitaifishwa, na Serikali ikaahidi kulipa fidia. Uamuzi huo uliipa nchi mamlaka juu ya uchumi wake, lakini pia uliwafanya wawekezaji wengi wa nje kusita.

Gharama yake ilionekana Dodoma. Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia huko Makao Makuu ya Serikali, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Bei ya mafuta ilipopanda, na baadaye Vita vya Kagera vilipomaliza fedha za kigeni, ujenzi ulizorota.

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985 kwa amani, na uenyekiti wa CCM mwaka 1990, mwaka ambao sheria mpya ya uwekezaji ilitungwa. Alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba, 1999.

Mwaka 2018 Bunge liliitambua Dodoma kisheria kuwa Makao Makuu ya Nchi. Sera zake za uchumi zimebadilishwa, lakini umoja wa Taifa na desturi ya kukabidhiana madaraka kwa amani, mambo ambayo mwekezaji huyapima kabla ya kuleta mtaji, vimo katika urithi aliouacha.